Aliyetoa Ngozi Naye Ni Mgonjwa

Jumapili iliyopita mlikuja hapa kwangu wanafunzi watatu wa hospitali, mmevaa vizuri, mkanionyesha kwenye simu habari za mtu aliyepewa figo ya dada yake huko ng'ambo. Halafu mkaniuliza kwa adabu kama zamani zetu hapa Likasi tulijua lolote kuhusu kuhamisha viungo. Niliona mlivyotazamana. Mlidhani Mama Kapinga atasema enzi zake kulikuwa na aspirini na maombi tu. Basi nimekaa nikaandika, kwa sababu nikiongea nacheka, na nikicheka nasahau nilipofika.

Figo hatukuhamisha. Moyo hatukuhamisha. Sisi tulihamisha ngozi, na ngozi ni kiungo kama vingine, tena kikubwa kuliko vyote, ingawa mtu akihesabu viungo vyake huiruka. Miaka ile nchi iliitwa Zaire, Kampuni ya serikali ndiyo iliyokuwa baba na mama wa mji, na katika hospitali niliyofanyia kazi kulikuwa na wodi moja ya watu walioungua. Niliingia wodi ile msichana nikatoka bibi. Moto haukuwahi kutunyima kazi: mafuta ya kukaangia mikate, sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyopinduka, na juu ya yote, petroli na mbabula. Mnazijua mbabula, majiko yetu ya makaa. Mkaa ukilowa mvua hauwaki, na mtu mwenye njaa hana subira.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Tata Kalenga, muuguzi mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya padri. Asubuhi akiingia wodini haangalii kidonda. Anaangalia sahani iliyobaki chini ya kitanda. Kama samaki amerudi mzima, anakunja uso na kusema ngozi haitashika hapa, tutachosha kisu bure. Nilidhani ni maneno ya wazee. Baadaye nikaona mwenyewe: mgonjwa anayekula mayai, maharagwe, samaki wa ziwa Tshangalele na viwavi vikavu, ngozi yake inashika, anayekunywa chai na kugeukia ukuta, ngozi inateleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Nyinyi mna mashine za kupima damu, nazo ni nzuri. Lakini sahani bado ipo, na haihitaji umeme.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyofanya, maana najua ndicho mnachokitaka. Kulikuwa na kisu kirefu chenye fimbo ndogo ya chuma mbele ya makali, ya kuzuia kisizame. Sisi tulikiita randa, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya randa ya seremala. Daktari anapaka mafuta kwenye paja, msaidizi anavuta ngozi pande mbili ikaze, randa inapita taratibu, na unatoka utando mwembamba mpaka ukiuinua unaona kidole chako upande wa pili. Tunautandaza juu ya ubao, tunautoboa vitundu kwa wembe ili maji yapate pa kutokea, kisha tunaulaza juu ya kidonda kilichosafishwa. Halafu ndiyo kazi yangu: kuchukua pamba iliyoloa maji ya chumvi na kubingirisha kutoka katikati kwenda pembeni, kufukuza mapovu, kama mtoto anavyofunika daftari lake kwa plastiki. Povu moja la damu likibaki chini, pale pote pamekufa. Ukimaliza, funga, na mikono yako iweke mfukoni. Wengi wanaharibu kwa kuchungulia.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi kila mwaka. Mahali ngozi ilipotoka panauma kuliko mahali ilipokwenda. Aliyeungua sana, moto umekula hata mishipa ya kuhisi maumivu, lakini paja lililopigwa randa limeachwa wazi kama goti la mtoto aliyeanguka barabarani, ila ni paja zima. Dawa yake ni shashi yenye vaselini, na ukishaiweka usiiondoe. Itaanguka yenyewe ngozi mpya ikiwa tayari. Shashi hizo zilipoadimika tulizitengeneza wenyewe: tunakata vipande, tunavipanga kwenye mkebe wa biskuti, tunamimina vaselini, tunaupeleka mkebe kwenye mvuke. Wodi nzima ilikuwa inaomba mikebe ya biskuti kwa kila mtu aliyekuwa na ndugu mwenye cheo.

Ngozi bora ni ya mwenyewe, itoke pajani iende mkononi. Lakini kuna watu wameungua hata hapo pa kukata. Hao tuliwaazimia ngozi kwa ndugu. Nasema tuliazima kwa sababu ngozi ya mtu mwingine haikai: wiki mbili, tatu, mwili unashtuka kwamba huyu ni mgeni, ngozi inabadilika rangi, inabanduka. Lakini katika wiki hizo mgonjwa amelala, amekula, ameongeza damu, na yeye mwenyewe sasa anaweza kukatwa. Ni blanketi la kuazima usiku wa baridi. Unashukuru, unarudisha.

Shida ilikuwa kwamba akili zetu zote zilimwendea aliyefunikwa blanketi, na mwenye blanketi lake tukamsahau. Kulikuwa na baba mmoja wa mtaa wa Kikula aliyemtolea binti yake ngozi. Kesho yake tukamwambia nenda nyumbani, wewe ni mzima. Ikawa Jumamosi, siku ya Salongo, ile kazi ya kufyeka na kufagia barabara ambayo raia wote walitakiwa waonekane. Naye akaenda kuonekana. Alifyeka nyasi juani na mapaja mabichi ndani ya suruali, majirani wakamsifu. Alirudi kwetu amebebwa, usaha una ile harufu tamu ambayo ukishaijua hutaisahau, na alilazwa muda mrefu kuliko binti. Binti ndiye aliyekuwa anamletea chakula. Tata Kalenga alikasirika wiki nzima, na kila mtu alijua anajikasirikia mwenyewe.

Baada ya hapo wakaja mapasa, ndio mapacha.

Kabange na Kyungu walikuwa vijana wa kazi, hawajaoa bado. Majina yanawaambia: kwetu pacha wa kwanza ni Kyungu, wa pili Kabange, hakuna kubahatisha. Kabange alikuwa fundi wa mitambo, Kyungu alikuwa mshonaji, alishona abakosi, zile suti za bila tai za wakubwa, kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Siku moja ya mvua Kabange alirudi kazini na njaa, akaona mkaa umelowa, akadhani moto umezima, akamimina petroli kwenye mbabula. Moto ulikuwa umelala tu. Kyungu aliacha cherehani, akamfunika kwa blanketi lililoloa, akamleta kwetu nyuma ya gari ya jirani. Mkono wa kulia, kifua, shingo, mapaja yote mawili. Kabange hakuwa na pa kutosha pa kukata isipokuwa mgongo, na mgongo ndio aliolalia, na damu yake ilikuwa nyepesi kama chai ya shule.

Daktari wetu aliitwa Ilunga, mtu mrefu, mpole, amesomea mbali, akicheka anaziba mdomo. Alimwangalia Kyungu, akamwangalia Kabange, akaniambia hawa wakiwa wametoka kwenye yai moja, ngozi ya mmoja itakaa kwa mwingine mpaka kufa, mwili hautajua tofauti. Wakiwa mayai mawili, ni blanketi la kuazima kama kawaida. Tulimuuliza mama yao, ambaye mji mzima ulimwita Mama Mapasa. Alisema alijifungulia misheni ya Kapolowe na kondo la nyuma lilikuwa moja, mkunga alimwonyesha. Daktari akasema hiyo ni dalili nzuri, siyo ushahidi. Damu zao zikapimwa, zikafanana, na hiyo pia siyo ushahidi. Ngozi yenyewe ndiyo ingesema, ikipita wiki ya tatu.

Ila Mama Mapasa alikuwa na masharti. Nyinyi watoto wa siku hizi huenda hamjui, lakini mapasa hawatenganishwi. Unachompa mmoja unampa na mwingine, la sivyo yule aliyenyimwa atakasirika na kuondoka, na mnanielewa nikisema kuondoka. Kwa hiyo Kyungu alazwe kitanda cha pembeni. Ale sahani sawa. Na bandeji za Kabange, mkononi, kifuani, shingoni, Kyungu naye afungwe vile vile, ingawa pale hakuwa na hata mkwaruzo. Bandeji za hospitali zisingetosha mchezo huo, basi mama akachana shuka lake la zamani, akachemsha, akapiga pasi, akaleta. Alitaka pia kuwapaka pemba, ule udongo mweupe, juu ya vidonda. Hapo nilisimama mlangoni. Tukajadiliana kama watu wazima, tukakubaliana kwenye paji la uso. Hiyo nayo mkaishike: familia ikija na mila yake, usianze kwa kuikataza. Itafutie mahali pasipo na kidonda.

Tukamkata Kyungu mapaja yote mawili kwa mbele, tukamfunika Kabange mkono na kifua. Siku chache zilipopita ikafika asubuhi ya kufungua mara ya kwanza. Daktari Ilunga alikuja na wanafunzi wake. Kitanda cha Kabange kilikuwa kile cha dirishani, kila mtu alijua. Daktari akakata bandeji ya mkono polepole, safu baada ya safu, na mkono ukatokea. Ngozi laini. Hakuna mstari, hakuna kovu, hata nywele zimelala vizuri. Daktari alivua miwani akaivaa tena. Akawaita wanafunzi wasogee, akaanza kusema kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha mitihani, kwamba maishani mwake hajaona kitu kama hiki.

Ndipo mkono ule ukampungia kwaheri kwa vidole vitatu.

Mama Mapasa alikuwa amewabadilisha vitanda alfajiri ili Kyungu naye apate zamu yake ya dirisha. Haki ni haki. Na Kyungu, mshenzi yule, alikuwa macho muda wote akajibana asicheke. Daktari alikaa kwenye kiti, akaziba mdomo, mabega yakatikisika mpaka mwanafunzi mmoja akadhani analia. Tulipokuja kufungua mkono wa Kabange mwenyewe, haikuwa ngozi ya maajabu, ilikuwa na vitundu vyake na rangi ya waridi, lakini imeshika. Nilibonyeza kwa kidole, ikapauka, damu ikarudi. Nilitamani nipige vigelegele pale pale.

Mtu aliyelazwa akicheka, watu wanasema huyo si mgonjwa. Katika siku hizo alikuja citoyen mmoja, ndivyo walivyoitwa wakubwa wa chama, mnene mwenye abakosi, kiongozi wa kikundi cha kucheza ngoma za chama. Kulikuwa na mgeni mkubwa anatoka Kinshasa, vijana wapange mistari barabarani wacheze, na Kyungu ndiye aliyekuwa mchezaji wao wa mbele. Akasema amesikia mgonjwa ni yule mwingine, huyu ametoa ngozi tu. Mimi nikaanza kueleza habari ya mapaja, na yeye akaanza kuuliza jina langu kamili, na mkijua miaka ile mtajua kwa nini nililitaja nusu.

Aliyetuokoa ni Mama Mapasa. Kwetu mama aliyezaa mapasa ana ruhusa ya kumtukana yeyote, na anayetukanwa sharti acheke, kwa kuwa tusi la mapasa ni baraka, na kulikasirikia ni kujiletea mkosi. Basi mama alisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, akamwimbia citoyen wimbo mzima kuhusu kilichokuwa ndani ya suruali yake, ukubwa wake na uvivu wake. Wagonjwa waliokuwa hawajageuka siku nyingi waligeuka. Citoyen alicheka huku jasho linamtoka. Mama akamwambia akimtaka mmoja abebe wote wawili, na kitanda juu yake, wakacheze. Aliondoka kinyumenyume. Kesho yake akatuma kitambaa cha chama chenye picha ya Kiongozi wa nchi, vipande viwili sawasawa, maana naye alikuwa mtoto wa hapa hapa. Mama akatandika kimoja upande wa miguuni wa kila kitanda cha wanawe. Kwa miaka tulikuwa tumewakataza wageni kukaa vitandani mwa walioungua, wakatupuuza. Sasa nani angethubutu kuikalia picha ile? Wodi yetu haikuwahi kuwa safi kama mwezi huo.

Wiki ya pili ikapita. Wiki ya tatu nilikuwa naingia wodini nimeshika msalaba wa rozari mfukoni, nikitegemea kuona rangi ya kijivu. Haikuja. Wiki ya nne Daktari Ilunga alitangaza: yai moja. Mama Mapasa akamwambia angemsikiliza mkunga wa Kapolowe tangu mwanzo.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, vijana, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Mapaja ya Kabange na shingo vilikuwa bado wazi. Kidonda kilicho wazi kinamwaga nguvu za mtu usiku na mchana, utamlisha nusu ng'ombe na bado atakonda. Shingo ilikuwa imeanza kujivuta, kidevu kinashuka kifuani. Sasa tulikuwa na uhakika kwamba ngozi ya Kyungu itakaa. Kwa hiyo kila mtu alifurahi. Daktari akapanga siku. Mama akaanza kuchemsha shuka lingine. Kabange akamwambia ndugu yake pole, akamwomba kidogo tu tena. Mjomba wao akaja na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa kusherehekea. Na mimi niliyekuwa nambadilishia Kyungu bandeji za juu ya shashi, nikaona anageukia ukuta. Yule aliyempungia daktari vidole alikuwa amezima. Sahani yake ilirudi na samaki.

Nikamwita mchana anisaidie kukunja bandeji kwenye chumba cha nguo, nikafunga mlango. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anapenda kutoa tena. Aligeuka nyuma, kama kuna mtu mwingine niliyemsemesha.

"Minye peke yangu?" akauliza.

"Weye peke yako. Kabange haiko hapa."

Alikunja bandeji, akaikunjua, akaikunja. "Mama, minye naogopa. Mara ya kwanza sikujua. Sasa najua." Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Tangu nazaliwa bantu banaulizaka mapasa. Hakuna muntu aliniulizaka minye Kyungu."

Nilimwambia akikataa, hakuna atakayejua. Si mama, si mjomba, si Kabange. Nilisema hivyo bila kujua nitalifanyaje. Nikaenda kwa Daktari Ilunga nimejiandaa kukaripiwa, maana nilikuwa nimeahidi jambo lisilo langu. Hakunikaripia. Alisema mtoaji asiyetaka hafai kukatwa, kama asivyofaa mwenye moyo mbovu, na sababu ya kutofaa inabaki kwa daktari. Jioni akaingia wodini, akamshika Kyungu kifundo cha mkono, akatangaza kwamba huyu ana homa ndogo, hatuwezi kukata.

Mama Mapasa hakuelewa ni homa gani isiyochoma mkono. Alileta majani machungu, akayachemsha, akamnywesha Kyungu, na kwa kuwa mapasa ni mapasa, Kabange naye akanywa kikombe sawa. Wote wawili walikunja uso. Hapo nilicheka kidogo. Lakini siku zilizofuata sikucheka. Homa ya kweli ilimpata Kabange. Mapaja yakaanza kunuka, shingo ikavuta zaidi, akawa anazungumza na dari. Daktari akaanza kutafuta watu wa kumtolea damu ili ajaribu kumkata mgongo, na alivyolisema neno kujaribu nilijua anaogopa. Mimi niliogopa kuliko yeye. Nililia kwenye chumba kile kile cha nguo. Niliwaza, huyu kijana akifa, ni mimi niliyefungua mlango. Hata hivyo sikwenda kumwambia Kyungu jinsi ndugu yake alivyo. Alikuwa analala kitanda cha jirani, ana macho na pua. Ningemwambia mimi, ingekuwa ni kumsukuma.

Kyungu alikaa nje kwenye ukuta wa jikoni. Kila nikipita ananiuliza kitu kimoja. Itauma siku ngapi. Nikasema sijui, lakini itauma. Je, ataweza kukanyaga cherehani? Ataweza, ila si mwezi huo. Sindano ya maumivu kwa nini tunampa baada ya kufunga kidonda na siyo kabla? Hakuna aliyewahi kuuliza hilo, na jibu lilikuwa kwamba ndivyo tulivyozoea. Tukabadilisha. Toka siku hiyo wodi yetu ilipiga sindano kwanza, ikasubiri, ndipo ikafunga. Akauliza safari hii watakata wapi, kama kuna safari hii. Nikamwambia nyuma ya paja, na atalalia tumbo, na sitamruhusu mtu kumwita mzima mpaka mimi niseme.

Asubuhi moja, kabla mama hajaleta chakula, alinikuta natoa mkebe wa shashi kwenye mvuke.

"Mama Kapinga, ile homa imeisha."

Nikamwambia daktari hajampima.

"Minye ndiye niko na homa, minye ndiye najua."

Nawaambia mapema msije mkaruka mistari: ngozi ilishika. Shingo ya Kabange iligeuka pande zote mbili, na alirudi kwenye mitambo yake, ingawa mbabula ya kwao iliwashwa na wengine tangu siku hiyo. Kyungu tulimlaza hadi shashi ya mwisho ilipoanguka yenyewe, tukampa sahani ya mgonjwa kwa sababu alikuwa mgonjwa, na alikanyaga cherehani kabla ya msimu wa mvua mwingine. Kwa hiyo mkienda huko kwenye figo zenu na mashine zenu, pimeni damu, pimeni kila kinachopimika, angalieni sahani. Halafu mchukueni anayetoa, peke yake, mlango umefungwa, mumuulize kwa jina lake. Na mkimuuliza, muwe tayari kwa jibu ambalo hamlitaki, kwa kuwa mkishajiandaa kwa jibu moja tu, basi hamjauliza.

Asubuhi ile Mama Mapasa alifika na sufuria kichwani akakuta tumeshamvalisha Kyungu gauni la upasuaji. Akaitua sufuria na kuanza kumfuata kwa wimbo wa mapasa, ule unaowaita wote wawili, akampigia makofi mpaka katikati ya korido. Kyungu akasimama. Aligeuka, akamshika mama yake mikono yote miwili ikaacha kupiga.

"Mama, bakia na Kabange," akamwambia. "Hapa naenda minye."

Mama alimwangalia mwanawe usoni. Kisha akamwita kwa jina lake, Kyungu, mara moja, bila wimbo, na akamwacha aende.